Sauti za Filamu: Majibu kwa Maswali Yenu

Safari hii maswali mengi yanahusu milio ya filamu: hatua, nguo, vitasa, mifupa, silaha. Tumeyafupisha, na yanayofanana tumeyaunganisha.

Kamera yangu ilirekodi hatua za waigizaji bila shida. Kwa nini nihangaike kuzirekodi upya?

Kwa sababu maiki ya mahali pa kupigia picha hulengwa mdomoni, si miguuni. Hatua unazozisikia humo zimeingia kwa bahati tu, zimechanganyika na pumzi, mwangwi na kelele za walio nyuma ya kamera. Ukisafisha mazungumzo kwa kukata kelele baina ya maneno, hatua nazo hukatika: mtu anaonekana akitembea, lakini miguu inasikika ikinyamaza na kurudi. Tatizo huwa kubwa zaidi filamu inapotiwa sauti za lugha nyingine. Mazungumzo ya awali yakiondolewa, kila kilichorekodiwa pamoja nayo kinaondoka. Ndiyo maana wasambazaji hudai faili ya muziki na milio isiyo na neno hata moja, na humo kila hatua, kikombe na kitasa viwemo.

Kazi hii huitwa foli, kwa jina la Jack Foley wa studio ya Universal, Marekani. Mwaka 1929, sinema bubu zilipokuwa zikizipisha zile zenye sauti, yeye na wenzake walisimama mbele ya picha na kutoa milio huku wakiitazama. Msingi haujabadilika: unaitazama picha, unaigiza. Wanaoanza hukosea hapa. Hupakua milio intaneti na kuipanga mmoja mmoja kama matofali. Mlipuko au ndege, sawa, tafuta kwenye maktaba. Lakini hatua za mtu aliyefiwa huwezi kuzipata kwa kunakili mlio mmoja mara 40. Sikio hutambua marudio upesi kuliko jicho.

Shikamooni. Nina fedha za kununua kifaa kimoja tu. Nichukue maiki gani?

Marahaba. Kabla ya maiki, kisikilize chumba. Zima friji na feni, vaa hedifoni, rekodi ukimya kwa sekunde 60, kisha uucheze ukiwa umepandisha sauti. Kelele utakayoisikia itajirudia katika kila tabaka la kazi yako: ukirundika rekodi 8 zenye kelele ya kiwango kimoja, jumla yake hupanda kwa desibeli 9 hivi. Mchakacho wa shati hauwezi kushindana na hilo.

Trei za mayai hazizuii kelele ya nje, tusidanganyane. Blanketi zito lililotundikwa sentimita 10 kutoka ukutani hupunguza mwangwi kuliko lililobandikwa ukutani, ila hata hilo hufyonza sauti nyembamba na za kati tu, besi hupita. Chumba chenye godoro, nguo na makabati yaliyojaa ni bora kuliko chumba kitupu chenye kuta zinazotazamana.

Sasa maiki. Chukua ya kondensa, aina inayonasa hata milio midogo, ambayo kelele yake ya ndani haizidi desibeli 15. Kipimo hicho huandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Itahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, yaani kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, kwa hiyo hakikisha unayo au unaweza kuiazima. Usivutiwe na ile maiki ndefu ya kulenga. Hiyo huzuia sauti nyembamba za pembeni lakini nzito huziacha ziingie, na katika chumba kidogo mwangwi wa kuta huingia ukiwa umekatwakatwa. Rekodi husikika kama imetoka ndani ya bomba.

Katika mipangilio ya programu ya kurekodi, chagua kilohezi 48 na biti 24, vilele vya mlio vikiwa kati ya desibeli -18 na -10 kwenye kipimo cha programu. Kwa hatua, weka maiki mita 1 hadi 1.5, kwa nguo, sentimita 30 hadi 50. Mlio ukiwa mdogo, sogeza maiki badala ya kupandisha geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, mlio hupanda kwa desibeli 6 hivi, na kelele ya chumba haipandi. Ila usizidishe: maiki ikikaribia mno, besi huvimba, na mtu anayeonekana ng'ambo ya barabara atasikika kana kwamba anatembea ndani ya sikio la mtazamaji.

Hatua zangu zinalia kama ngoma, tena zinachelewa kidogo kila mara. Natembea juu ya kisanduku cha mbao.

Kisanduku kitupu ni ngoma kweli. Kijaze mchanga mkavu hadi pomoni, kisha funika kwa uso unaoutaka. Kwa barabara au korido, acha kisanduku kabisa. Laza bamba la zege la sentimita 5 juu ya sakafu iliyokaa ardhini. Ghorofani sakafu yenyewe huvuma, kwa hiyo weka zulia nene chini ya bamba. Eneo la sentimita 60 kwa 60 linatosha, maana hauendi mbele, unatembea palepale.

Lakini kutembea palepale kuna mtego wake. Mtu hutua unyayo mzima kwa mpigo mmoja, na hakuna anayetembea hivyo. Hatua ya kweli ina sehemu mbili: kisigino kinatua, uzito unabingirika, ndipo vidole vinasukuma. Mwenye haraka sehemu hizo hukaribiana. Mchovu huziachanisha na kukokota soli kidogo katikati. Mwigizaji mnene usimtafute kwa kukanyaga kwa nguvu. Uzito husikika katika muda ambao mguu unabaki chini, na katika kiatu chenye soli ngumu na nzito. Mkanyago wa hasira kwenye raba hubaki kuwa raba.

Unachelewa kwa sababu unasubiri mguu utue ndipo nawe utue. Tazama mabega ya mwigizaji. Hucheza pamoja na hatua, na ukishaukamata mwendo wake unajua mguu utatua lini kabla haujatua. Hukusaidia pia pale kamera inapoonyesha kifua na uso tu. Pitia tukio mara 2 au 3 bila kurekodi, ukariri mahali anaposita na anapogeuka. Kisha rekodi mhusika mmoja, mwanzo hadi mwisho wa tukio, hata pale kamera inapomwacha. Mhariri anaweza kuihitaji miguu hiyo. Picha ya fremu 24 (picha moja moja zinazounda filamu) kwa sekunde ina milisekunde 42 hivi kwa kila fremu. Kosa la fremu moja utalisogeza wakati wa kuhariri, lakini hatua zikiachana ovyo ovyo, rudia yote. Kama hedifoni zako hazina waya, ziweke kando: huchelewesha sauti, na mwili wako utaanza kuufuata ucheleweshaji huo.

Kiatu kinacholia kwichi kwichi, inua soli ya ndani na unyunyize poda. Kokoto zioshe uzikaushe, la sivyo vumbi lake huleta mchakacho unaofanana na karatasi. Majani makavu husagika baada ya mizunguko michache na mlio wake hubadilika katikati ya tukio, kwa hiyo weka akiba. Kwa nyasi, wengi hutumia utepe wa kaseti za zamani uliofumuliwa na kufumbatwa, hausagiki.

Mifupa, theluji, farasi, ngumi: mnatumia nini?

Theluji ni konifulawa, yaani wanga wa mahindi, ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa kizito, unaofinywa kwa mdundo wa hatua. Ukiujaza mno haulii. Acha robo ya mfuko wazi. Mabawa ni glavu za ngozi zinazopigwapigwa hewani. Farasi ni vifuu viwili vya nazi. Vipige kwenye udongo, maana vikigongana vyenyewe husikika kama mchezo wa watoto. Mfupa unaovunjika ni bua la seleri mbichi lililofungwa ndani ya taulo lenye unyevu: taulo huondoa ule ubichi wa mboga na kubakisha mpasuko. Seleri iliyonyauka hujikunja bila kulia.

Ngumi haitoki katika kitu kimoja. Ijenge kwa matabaka 3: mpasuko mkavu wa mkanda wa ngozi, kishindo cha kuupiga mto mzito, na nguo inayovutwa ghafla. Nguo itangulie kwa fremu 2 au 3, kwa kuwa mkono huanza kusafiri kabla ya kufika. Mpasuko na kishindo vianze pamoja kabisa, la sivyo mtazamaji atasikia ngumi mbili.

Sauti inaanza sawa na picha, lakini baada ya dakika 10 imeachana nayo. Kosa ni langu au la programu?

Angalia kwanza kama pengo linakua. Pengo lisilobadilika tangu mwanzo hadi mwisho ni ucheleweshaji wa kifaa. Sogeza faili nzima mara moja na kazi imekwisha. Pengo linalokua maana yake kasi hazilingani. Mara nyingi mradi mmoja, wa picha au wa sauti, umewekwa fremu 24 kwa sekunde na mwingine 23.976: tofauti ni sehemu moja kwa elfu, na kwa dakika 10 hufikia sekunde 0.6, yaani fremu 14. Kama sauti inakwenda mbio na imepanda kama ya mtoto, faili ya kilohezi 44.1 inachezwa kana kwamba ni ya 48. Na kama picha ilipigwa kwa simu, inawezekana kasi ya fremu inapanda na kushuka humo humo. Igeuze iwe ya kasi isiyobadilika kabla hujarekodi chochote. Kuivuta sauti kipande kwa kipande ili ifuate picha ni kazi bure, kwa sababu kila mabadiliko ya uhariri yatakurudisha mwanzo.

Nawezaje kutengeneza mlio wa kitu kisichokuwepo, kama silaha ya angani?

Tafuta kitu kilichopo chenye tabia hiyo. Milio maarufu ya bunduki katika filamu ya Star Wars ya 1977, mbunifu wake wa sauti Ben Burtt aliipata kwa kugonga waya unaoshikilia mnara. Katika waya mrefu wa chuma, mitetemo ya sauti nyembamba husafiri kwa kasi kuliko mizito, kwa hiyo sauti huwasili ikiteleza kutoka juu kwenda chini. Nyumbani, springi ndefu ya kuchezea hutoa kitu cha namna hiyo. Ining'inize, bandika kikombe cha karatasi kwenye ncha moja, weka maiki mdomoni mwa kikombe, na ugonge ncha ya pili kwa kijiko. Isiguse ukuta wala meza, la sivyo ule mteremko wa sauti utapotea.

Kwa mnyama mkubwa, punguza kasi ya rekodi ya mnyama mdogo. Kasi ya nusu hushusha sauti kwa oktava nzima, lakini faili ya kilohezi 48, ambayo hubeba sauti hadi kilohezi 24 tu, ikipunguzwa hivyo haibaki na chochote juu ya kilohezi 12, na mnguruma husikika umefunikwa blanketi. Rekodi kwa kilohezi 96, na uangalie karatasi ya maelezo ya maiki yako: isiyosikia zaidi ya kilohezi 20 haitakupa cha kushusha huko juu, hata faili iwe kubwa kiasi gani.