Chumba cha Wazee Mjini Wakati wa Msimu

Mwezi wa Agosti mwaka juzi, baba na mama walikuja Unguja kutoka Wete, Pemba, kwa ajili ya jicho la baba, lililokuwa litolewe mtoto wa jicho. Nyumba yangu ya Fuoni siku hizo ilikuwa imefunuliwa paa, vumbi limetanda kila pembe, na daktari alikwisha kunitahadharisha kwamba jicho lililopasuliwa halitaki vumbi. Kwetu, kumlaza mzazi hotelini ilhali una nyumba yako ni jambo la kusemwa, na mama alilisema waziwazi, ingawa nilipomweleza habari ya jicho aliridhia. Ninaandika kwa ajili ya mtoto mwengine atakayefikwa na haja hiyo, kwa sababu mimi nilikosea, na aliyelipia kosa langu ni mama kwa magoti yake.

Nilitafuta hoteli kwa simu, nikapata moja ya Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, nikaomba chumba cha chini, nikajibiwa kwamba hakuna tabu, nikatuma arbuni. Tulipofika, chumba cha chini kilikuwa na wageni wengine, na chetu kilikuwa ghorofa ya tatu. Gari iliyotuchukua bandarini Malindi haikuweza kuingia vichochoroni, hivyo mizigo ilibebwa na hamali na wazee wakaja kwa miguu. Ngazi za nyumba zile ni ndefu na vidato vyake havilingani. Mama alipanda kiganja kimoja kikiwa ukutani, mkono wa pili umekusanya buibui, na kila penye kituo alisimama bila ya kusema neno, jambo lililoniumiza kuliko kama angelalamika. Huko juu tukakuta kitanda cha semadari, kile cha kizamani kilichoinuka sana kutoka sakafuni, ambacho hakuweza kukipanda mpaka nilipomshika. Asubuhi tulihamia hoteli ya Vuga.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na majengo yake hayabadilishwi ovyo, ndiyo maana lifti ni adimu. Kwa hivyo usikubali maelezo ya simu wala picha. Nenda mwenyewe, au mtume ndugu unayemwamini. Panda ngazi zile ukiwa na mzigo mkononi. Kaa kitandani uone kama nyayo zinagusa sakafu, kwani mzee anayeamka usiku kwenda chooni hutafuta sakafu kwanza kwa mguu. Tazama kizingiti cha choo, tazama kama sakafu yake inateleza ikirowa, kisha toka nje uhesabu hatua mpaka pale gari linapoweza kusimama.

Kwa mgonjwa wa hospitali ya Mnazi Mmoja, upande wa Vuga unafaa zaidi kuliko Hurumzi au Kiponda, kwa sababu barabara iko karibu na hospitali ni jirani. Usiidharau Ng'ambo pia, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Kikwajuni na Michenzani hakuna mandhari ya bahari kama Shangani, lakini mzee aliyefungwa jicho hakuja kutazama bahari.

Julai na Agosti, na tena mwisho wa Disemba, vyumba hujaa na bei hupanda. Tarehe ya matibabu ikijulikana tu, anza kutafuta siku hiyohiyo. Kama matibabu yanaweza kungoja, wakati wa masika bei hushuka, ila safari ya boti kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, uiangalie hali ya bahari kwanza. Uliza bei ya wakaazi na uwe na kitambulisho mkononi. Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama tozo za serikali zimo ndani yake. Usitoe arbuni kabla ya kuandikiwa, kwa ujumbe wa simu japo, namba ya chumba na ghorofa yake. Neno la mdomo ndilo lililonipeleka ghorofa ya tatu.

Mwisho, omba godoro la ziada kwa ajili yako. Wazee wangu hawakuwa wakiogopa hoteli, walikuwa wakiogopa kuachwa peke yao ndani yake. Usiku wa kwanza wa Vuga nililala chini, kati ya vitanda vyao viwili, na saa tisa mama aliniamsha kuniuliza kama saa ya dawa ya baba imefika.