Maswali Yenu: Proksi Msiyoiweka

SWALI: Kompyuta zetu za Debian 12 (mfumo wa Linux) ofisini zinagoma kusasishwa. Kila nikitoa amri ya apt update, inayovuta orodha mpya za vifurushi, linakuja kosa la “Hash Sum mismatch”. Nikiibeba mashine hiyohiyo nyumbani, inakubali. Hatujaweka proksi yoyote (seva ya kati inayopitisha maombi ya mtandao).

JIBU: Ninyi hamjaweka, lakini huenda mtoa huduma wenu ameiweka njiani kimyakimya, inanasa kila kipitacho mlango wa 80, yaani http isiyosimbwa. Ipime hivi:

curl -I http://deb.debian.org/debian/dists/bookworm/InRelease

Tazama mstari wa Age: ni umri wa nakala kwa sekunde, hivyo 86400 ni siku nzima. X-Cache: HIT nayo huonyesha faili limetoka kwenye akiba (cache), si kwenye seva ya asili. Rudia kwa laini ya simu, ulinganishe. Seva za Debian zenyewe zina akiba, kwa hiyo kinachosema ukweli ni tofauti kati ya majibu ya laini hizo mbili. Proksi ikikupa orodha ya zamani au iliyokatika, alama zake za uhakiki (hash) hazilingani na zilizoandikwa kwenye InRelease mpya, faili la Debian linaloorodhesha alama sahihi, na apt inaikataa. Inafanya vyema.

Futa mabaki, kisha omba nakala mpya:

sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt -o Acquire::http::No-Cache=true update

Proksi nyingine hupuuza ombi hilo. Hapo fungua /etc/apt/sources.list, geuza kila http:// iwe https://, ukihakikisha kifurushi cha ca-certificates kipo. Mlango wa 443, unaotumiwa na https, umesimbwa. Proksi ya kawaida haiwezi kuchomeka nakala yake humo.