Nyutroni za leza hutoka wapi?

Wasomaji wengi wameniuliza kuhusu majaribio ya kuunganisha viini vya atomu kwa leza. Naanza na la mwanafunzi wa skuli, Chake Chake.

Nyutroni zimo ndani ya mwanga wa leza?

Hapana, mwanangu. Nyutroni ni chembe za kiini cha atomu zisizo na chaji ya umeme. Zimo kwenye haidrojeni nzito: kiini cha deuteriamu kina nyutroni moja, cha tritiamu kina mbili. Leza hukandamiza kidonge cha haidrojeni hiyo, ndiyo mafuta yetu, chenye upana wa milimita 2 hivi na kukipasha moto. Deuteriamu na tritiamu zikiungana, huzaliwa heliamu, na nyutroni moja hutoka mbio na takriban asilimia 80 ya nishati.

Shikamoo mwalimu. Nyutroni zikionekana, si ushahidi tosha kuwa viini vimeungana kwa joto? (Wete)

Marahaba. Hautoshi, na hili nataka lieleweke vizuri. Leza kali ikipiga kitu hurusha elektroni na protoni kwa kasi, nazo zikigonga vitu vya jirani huweza kubandua nyutroni zisizohusiana na muungano wowote. Nyingine ni za muungano kweli, lakini hudunda ukutani na kuchelewa. Kwa hiyo hupimwa kasi. Ya deuteriamu na tritiamu hukimbia kilomita 51,000 hivi kwa sekunde. Ya deuteriamu mbili, kama 21,600. Boti na jahazi zikiondoka Dar pamoja hazifiki Malindi pamoja: kifaa kikiwa mita 20, ya kwanza hufika baada ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 390 hivi, ya pili baada ya 900 na zaidi. Tofauti ndogo ndogo za kufika hueleza joto la mafuta. Vifaa huwekwa pande kadhaa, maana nyutroni za chembe zilizorushwa upande mmoja hazitoki sawasawa kote.

Zilitoka ngapi siku ile ya ushindi? (Mkunazini)

Tarehe 5 Disemba 2022, maabara ya Livermore, California, leza ilitia nishati ya megajuli 2.05, na muungano ukatoa 3.15; ushindi ndio huo, kutoka zaidi ya ilichotia leza. Ukipiga hesabu, ni zaidi ya nyutroni bilioni moja mara bilioni moja.

Umeme wake tutaupata lini Unguja?

Si karibuni. Leza ile ilivuta megajuli 300 hivi kutoka gridi, kwa hiyo waya wa baharini kutoka Bara bado tunauhitaji. Deuteriamu imejaa baharini, atomu moja katika kila 6,400 hivi za haidrojeni. Tritiamu ndiyo adimu. Hutengenezwa kwa kupiga lithiamu kwa nyutroni, na mitambo ijayo italazimika kutumia nyutroni zake yenyewe kwa kazi hiyo.