Uliza Fundi wa Studio: Visanduku vya MIDI vya zamani vyenye poti nyingi

SWALI: Hujambo mhariri. Nimenunua MIDISPORT 8x8 ya mtumba, kisanduku cha kuunganisha vinanda na kompyuta kwa MIDI, yaani lugha ambayo vyombo hivyo hutumia kuambiana noti za kupiga. Nikiichomeka kwenye laptopu yangu ya Windows 11, taa ya umeme inawaka lakini programu ya kurekodi haioni poti hata moja. Nimeuziwa kitu kibovu?
*Prodyuza, Umoja*

JIBU: Usikimbilie kuirudisha, huenda ni nzima kabisa. MIDISPORT haihifadhi ndani yake programu ya kuiendesha. Kila ikiwashwa hungoja kompyuta iipe programu hiyo kupitia waya wa USB, na kazi hiyo hufanywa na draiva, yaani programu inayowezesha kompyuta kuongea na kifaa. Bila draiva, Windows huona kitu cha USB kisichojulikana na kukiwekea alama ya mshangao ya njano. Taa kuwaka kunaonyesha tu kwamba umeme umefika.

Hili ndilo jambo la kuchunguza kabla ya bei, rangi au idadi ya matundu. Kiwango cha MIDI kupitia USB kilichapishwa mwaka 1999, na kifaa kinachokifuata hufanya kazi bila draiva ya kampuni. Vingi vya poti nane vya miaka ile havikukifuata: kila kampuni ilitumia utaratibu wake. MIDISPORT ni hivyo, Unitor8 na AMT8 za Emagic ni hivyo, na Midex 8 ya Steinberg pia. Emagic ilinunuliwa na Apple mwaka 2002, kwa hiyo mtumiaji wa Windows asitarajie msaada wowote huko. MOTU nao wana utaratibu wao, lakini wameendelea kutoa draiva za biti 64 kwa visanduku vyao vya USB. Kwa mtu wa Windows ambaye bado hajanunua, MIDI Express XT au MIDI Timepiece AV yenye tundu la USB ndiyo ningeitafuta kwanza. Angalia nyuma yake kwa macho yako, maana kuna matoleo ya awali yenye tundu la siriali au la printa pekee, na hayo yatakusumbua bure.

Sasa hicho ulicho nacho. Tafuta kwanza draiva ya biti 64. Ile ya biti 32 iliyokuja na CD haitaingia kwa namna yoyote, kwa sababu Windows 11 yote ni ya biti 64. Ukiipata na Windows bado ikaikataa kwa ajili ya ulinzi wa kumbukumbu (Memory Integrity), usiuzime ulinzi huo kwenye laptopu unayofanyia mambo ya benki. Pita njia ya Linux, ambayo kwa MIDISPORT ni nzuri kweli:

1. Chukua laptopu kuukuu au Raspberry Pi, uweke Debian. Ruhusu sehemu ya contrib kwenye orodha ya vifurushi, kisha weka kifurushi kinachoitwa midisport-firmware.
2. Chomoa kisanduku, ukichomeke tena. Andika `lsusb` uone orodha ya vifaa vya USB. Namba 0763 ni ya Midiman na M-Audio. Ukiona 086a, hiyo ni Emagic, ambayo Linux huitambua bila kifurushi cha ziada.
3. Andika `aconnect -l`. Poti zikitokea kwenye orodha, kisanduku ni kizima.
4. Weka rtpmidid kwenye Linux na rtpMIDI kwenye Windows, programu za kupitisha MIDI kwenye mtandao, uunganishe mashine hizo mbili kwa waya wa mtandao. Usitumie Wi-Fi. Noti zitafika, lakini hazitafika kwa mpangilio wa muda ulio sawa, na hilo ni baya kuliko kuchelewa.

Hata usipofika hatua ya nne, zile tatu za kwanza zinatosha kukuambia kama muuzaji alikupa kitu kizima.

SWALI: Nina vyombo vya sauti JV-1080 na Korg Triton, na MPC2000XL kwa ajili ya ngoma. Nimeziunganisha moja baada ya nyingine kwa Thru (tundu linalopitisha ishara kwenda kifaa kinachofuata) kutoka poti moja ya kompyuta. Kodi nzito (noti nyingi kwa pamoja) zikilia, kiki inabaki nyuma. Kisanduku cha poti nane kitasaidia, au shida ni kompyuta?
*Msomaji, Kayole*

JIBU: Kitasaidia. Kompyuta haina kosa. Fanya hesabu hii. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Baiti moja hubebwa na biti 10, kwani huwa na biti ya kuanzia na ya kumalizia, hivyo huchukua mikrosekunde 320. Kupiga noti ni baiti tatu, yaani karibu milisekunde 1. Kodi ya noti nane, besi moja, kiki, hai-hati na kayamba vikiangukia pigo moja ni noti 12, na zote zinapanga foleni kwenye waya mmoja. Ya mwisho inafika milisekunde 11 baada ya ya kwanza. Katika benga, ambako besi na kiki zinapaswa kushikana, pengo hilo linalegeza mdundo mzima, na hakuna kompresa itakayolirekebisha.

Kinachouzwa katika kisanduku cha poti nane ni nyaya nane, kila moja na foleni yake. Chaneli 128, yaani 16 kwa kila poti, ni faida ya pili tu. Wengi hukinunua, kisha wakaendelea kuunganisha kila kitu kwenye poti ya kwanza kwa Thru.

Panga hivi: MPC peke yake kwenye poti 1, Triton poti 2, JV poti 3. MPC ina In (tundu la kuingiza) mbili na Out (la kutoa) mbili, kwa hiyo ngoma zikiwa nyingi unaweza kuzigawa poti mbili. Mapigo ya saa ya MIDI ni 24 kwa kila robo noti, na yanaweza kutumwa kila poti bila wewe kujua. Yapeleke MPC tu. Ingia kwenye Triton uzime afutachi kama huitumii: kidole kikikandamiza kibonyezo kidogo tu, humwaga baiti mfululizo, nazo zinarekodiwa bila wewe kujua. Na kisanduku kichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, kisipitie habu isiyo na umeme wake iliyobeba pia diski ya kuhifadhia na kadi ya sauti.

Baada ya hapo utabaki na kuchelewa kwa aina moja tu, kule ambako MPC yenyewe inahitaji muda kidogo kujibu. Tuma noti kila robo, rekodi sauti yake, kisha vuta picha ya wimbi uisome. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli 44 ni milisekunde 1. Ikiwa kila noti inachelewa sampuli 220, sogeza traki hiyo ianze mapema kwa milisekunde 5, umemaliza. Ikiwa moja imechelewa 100 na nyingine 400, bado kuna foleni mahali fulani: rudi kwenye nyaya.

SWALI: Kila noti kwenye kinanda changu inalia mara mbili, sauti inakuwa kama iko kwenye bomba.
*Mpiga kinanda wa kanisa, Kasarani*

JIBU: Noti inalia kwanza kutoka kwenye vibonyezo vyenyewe, kisha inarudi kutoka kwenye kompyuta. Ingia kwenye mipangilio ya MIDI ya kinanda, weka Local Off, ili vibonyezo visilize sauti ya ndani moja kwa moja. Siku ya ibada, unapokipiga bila kompyuta, kirudishe On, la sivyo kitakaa kimya mbele ya waumini na utadhani kimeharibika. Noti ikigoma kuzimika, tuma kontrola namba 123 (zima noti zote); isipotosha, tuma namba 120 (zima sauti zote).

SWALI: Jamaa ameniletea kisanduku kutoka Marekani. Nyuma kimeandikwa 120 V, 60 Hz. Naweza kubadilisha plagi tu? Halafu, MIDI inaweza kuleta mngurumo kwenye spika?
*Msomaji, Ngara*

JIBU: Usibadilishe plagi pekee. Stima yetu ya Kenya ni volti 240, na kifaa hicho kitaungua mara moja. Nunua transfoma ya kushusha 240 hadi 110. Kisanduku cha MIDI hula umeme kidogo sana, kwa hiyo ya wati 100 inatosha na kubaki. Iwe transfoma halisi yenye koili, ile nzito mkononi. Vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri vimetengenezewa pasi na vikausha nywele. Hukatakata wimbi la umeme na kuua pawasaplai ya kifaa cha elektroniki. Hertzi 50 badala ya 60 si tatizo kwa vifaa hivi. Kama chako kinatumia adapta ya nje, soma lebo kwa makini: AC au DC, volti ngapi, na kama ni DC, chanya iko katikati au nje. Kuna visanduku vya zamani vilivyotaka AC kutoka kwenye adapta, na adapta ya DC ya kuokota haivifai.

Kuhusu mngurumo, waya wa MIDI ni nadra sana kuwa mkosaji. Ndani ya kila tundu la In kuna optokapla, inayopitisha ishara kwa mwanga, na pini ya 2, yaani ya kinga, haiunganishwi upande wa In. Tafuta kosa kwenye USB na kwenye nyaya za sauti.

SWALI: Poti ya 5 haipitishi kitu. Nitajuaje kama ni kebo au kisanduku?
*Msomaji, South B*

JIBU: Anza na kebo, hasa kama uliinunua kama waya wa redio ya zamani wenye pini tano. Nyaya nyingi za sauti za aina hiyo zimepishanishwa ndani. Weka multimita kwenye mlio: 4 kwa 4, 5 kwa 5, 2 kwa 2, na 4 isiguse 5. Kebo isizidi mita 15.

Kisha chukua LED moja nyekundu, za Luthuli Avenue zinafaa. Kwenye tundu la Out, mguu mrefu uingie pini ya 4, mfupi pini ya 5. Tuma noti nyingi kwenda poti hiyo. LED ikimemeta, Out ni nzima. Kama In ndiyo iliyokufa, mshukiwa wa kwanza ni optokapla. Soma namba iliyo juu yake kabla ya kwenda dukani: 6N138 ina miguu minane na PC900 ina sita, moja haiingii mahali pa nyingine. Fundi akiifungua, mwambie aweke soketi kwanza, chipu iingie juu yake.

SWALI: Natuma kutoka kompyuta furushi la sauti 32 za kuhifadhiwa kwenye kinanda changu cha Yamaha DX7 na hazifiki.
*Msomaji, Buruburu*

JIBU: Furushi hilo ni baiti 4,104, huchukua kama sekunde 1.3 kwenye waya. Hakikisha halikatwi na kitu kingine kinachotumwa poti hiyo hiyo: zima saa ya MIDI na usicheze noti. Kwenye DX7, weka SYS INFO AVAIL, kisha ondoa ulinzi wa kumbukumbu ya ndani. Ukiona MEMORY PROTECTED kwenye kioo chake, kisanduku chako kimefanya kazi yake, kinanda ndicho kimekataa.