Ile sifuri niliiandika mimi

Mhariri, swali lenu la wiki, "Je, ni sawa kupima ustawi wa watoto wa dunia nzima kwa kipimo kimoja?", nimelisoma asubuhi nikasema sijibu, sasa hivi ni usiku na bado linanikera. Jibu langu la haraka ni hapana. Au tuseme hivi, kipimo sina ugomvi nacho sana, ugomvi wangu ni nani anamjibia mtoto, manake mtoto wa miaka mitatu haulizwi, anaulizwa mama, na anayebonyeza kishikwambi ni mtu kama mimi, nina njaa na bado kaya nne sijazifikia.

Nimewahi kuwa mdadisi. Utafiti siutaji, ila maswali yalikuwa ya mtindo wa MICS, zile tafiti za nyumba kwa nyumba kuhusu watoto na akina mama ambazo UNICEF ilizianzisha katikati ya miaka ya 90, nyie wengine mnazikuta kwenye ripoti zikiwa zimeshageuka asilimia. Kaya yenyewe ilikuwa na mama, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume, miaka mitatu na nusu. Tukafika kwenye lile swali ambalo kila mdadisi analichukia: wiki iliyopita ni siku ngapi mtoto aliachwa na mtoto mwenzake wa chini ya miaka 10 kwa zaidi ya saa moja? Mama akaanza kuchezea uzi kwenye sketi yake. "Hakuna." Sifuri? "Sifuri." Nikaandika 0, tukaendelea.

Mbele kidogo nikauliza kama mtoto anaweza kutaja angalau herufi kumi. "Huyu? Hajui kitu." Mara mlangoni binti akadakia, "Anajua!" Akachuchumaa, akaanza kuandika vumbini kwa kidole, na yule mdogo anataja kwa kupiga kelele, akikosea anarudia, W akasema ni M imelala chali, sote tukacheka, binti anahesabu kwa vidole mpaka vikamwishia, zikafika kumi na moja. Mama kashangaa kweli. "Kaka, basi andika ndiyo, mi sikujua." Nami nikauliza kitu ambacho hakikuwemo kwenye dodoso na sikupaswa kuuliza: nani kamfundisha? "Mimi," binti akasema, "mama akienda kazini huwa tunaandika mpaka arudi."

Kimya. Mtoto peke yake ndo bado anaandika M zake. Kidole changu kiko juu ya kile kimshale cha kurudi nyuma, na utaratibu naujua, majibu yakigongana unarudi unamuuliza tena mama taratibu. Mama hakunitazama mimi, alikuwa anamtazama binti yake. Sikurudi. Herufi ndiyo, kuachwa sifuri, tukahamia sehemu nyingine.

Sasa niambieni hiyo ni data gani. Zile herufi zimezaliwa kwenye saa zile zile tulizosema hazipo! Na ningeandika ukweli, zingeingia kwenye safu ya uangalizi hafifu bila neno hata moja kuhusu herufi. Halafu yule binti angetimiza miaka 10 mapema kidogo tu, swali lisingemgusa kabisa.

Najua wataalamu wamerekebisha, ile faharasa ya zamani ya makuzi ya watoto wadogo, ya maswali 10, ilikuwa ya watoto wa miezi 36 hadi 59, mwaka 2020 ikaja mpya, ECDI2030, yenye maswali 20 kuanzia miezi 24, nafuu. Ila mwenye kishikwambi ni yule yule.

Hapa ndo nilitaka nimalizie, lakini kuna kitu kinanisumbua. Mwaka 2007 ofisi ya UNICEF ya Innocenti, kule Florence, ilipanga nchi tajiri 21 kwa ustawi wa watoto, Uholanzi ikaongoza na Uingereza ikashika mkia, na Waingereza wakabishana sana. Bila jedwali wangebishania nini? Na mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha za DHS, tafiti za kaya kuhusu afya na idadi ya watu zilizokuwepo tangu 1984, nilidhani nitacheka. Sikucheka. Nikaikumbuka sifuri yangu. Manake mtu anayepanga vituo vya kulelea watoto anasoma ile safu, akikuta sifuri anasema akina mama hawa hawana shida, pesa ipelekwe kwingine. Mimi nilijiona namsitiri yule mama kumbe nimemfutia haja yake.

Kwa hiyo pimeni, na kipimo kiwe kimoja, nimebadili jibu langu, ingawa huko juu silifuti. Lakini msiniulize kama leo ningebonyeza kile kimshale, inategemea binti amesimama wapi.