Jibu: binti anafeli maswali ya kuzungusha maumbo kichwani

Mleta mada, umeuliza kama ni kweli wasichana hawawezi maswali ya kuzungusha maumbo, maana binti yako kapata alama za chini kwenye jaribio la chuo cha ufundi na mjomba wake keshamshauri abadili kozi. Asibadili kwanza.

Pengo kati ya wavulana na wasichana lipo, tusidanganyane. Watafiti Voyer na wenzake walijumlisha tafiti nyingi mwaka 1995 wakakuta wavulana wako mbele kwa wastani wa 0.56 ya kipimo cha mtawanyo, yaani kiasi alama za watu zinavyoachana na wastani. Maana yake, kwenye wasichana 100, kama 29 hivi wanampita mvulana wa wastani. Kwa tofauti ya namna hiyo huwezi kumtabiria mtu mmoja.

Halafu angalia jaribio lenyewe. Lile linalotumika sana, la Vandenberg na Kuse (1978), linaonyesha umbo moja la vipande vya mchemraba na majibu manne. Mawili ni umbo lilelile limezungushwa. Kwa kawaida alama unapata ukiyapata yote mawili, ukikosa moja ni sifuri. Toleo lililochorwa upya mwaka 1995 linatoa dakika 3 kwa maswali 12, yaani sekunde 15 kwa swali. Watafiti Shepard na Metzler walipima mwaka 1971 wakakuta kichwa huzungusha umbo kama nyuzi 60 kwa sekunde. Anayehakiki kila jibu mara mbili muda unamwishia kabla ya maswali, na ndiyo maana muda ukiongezwa pengo hupungua, ingawa halifutiki.

Malezi nayo yamo. Kaskazini-mashariki mwa India, utafiti wa 2011 uliwapa watu wa makabila mawili, Wakarbi na Wakhasi, fumbo la vipande vinne. Kwa Wakarbi, ambako mali hufuata upande wa baba, wanaume walikuwa wepesi zaidi. Kwa Wakhasi, ambako hufuata upande wa mama, tofauti haikuonekana.

Mtego mkubwa ni umbo la kwenye kioo, yaani lile ambalo kulia na kushoto vimebadilishana, na kila fundi cherehani anaujua hata kama hajawahi kusikia jaribio hili. Unakata mikono ya blauzi ya satini, ambayo upande mmoja unang'aa. Kichwa cha mkono mbele kimechimbwa zaidi kuliko nyuma. Ukikata wa kwanza, kisha ukaizungusha tu karatasi kubana nafasi, unatoka na mikono miwili ya kulia. Karatasi inatakiwa kugeuzwa chali. (Kitenge cha nta kinasamehe, pande zote zinafanana. Satini haisamehi.) Kuzungusha ni jambo moja, kugeuza chali ni jingine, na majibu ya uongo mengi kwenye jaribio yamejengwa hapo.

Mazoezi yaanzie mkononi. Kata sabuni ya mche vipande 20 vya sentimita 2 kila upande, viwe sawasawa, la sivyo umbo litapinda na kumchanganya. Unganisha kwa vijiti vya meno, 9 kwa kila umbo. Umbo la kwanza: vipande 3 kwenda kulia, 3 kupanda juu, 2 kuja kwako, 2 kwenda kushoto. La pili ni vilevile, ila vile 2 vya kuja kwako viende mbali nawe. Hilo ndilo la kwenye kioo. Mwache ayageuze ajaribu kuyafananisha. Hayatafanana kamwe, na vidole vikishalijua hilo, macho yanafuata.

Sasa mbinu. Wengi wanakosea kwa kutaka kuzungusha umbo zima kwa mpigo. Afikirie sisimizi anayeanzia ncha iliyo jirani na mkono mrefu. Kona ya kwanza aiite "juu". Kona ya pili itakuwa kulia au kushoto kwa sisimizi. Kwenye umbo la kwanza ni kulia, la pili ni kushoto, hata uligeuze vipi. Akianzia ncha tofauti kwa maumbo mawili, hesabu yote inaharibika.

Baada ya wiki moja ya sabuni, ahamie karatasi ya nukta za isometriki (nukta zilizopangwa kwa pembetatu, za kuchorea maumbo ya pande tatu): aweke umbo mezani, afumbe macho, alizungushe nyuzi 90 kichwani, alichore, ndipo aligeuze kwa mkono ahakiki. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Programu za simu zinazozungusha umbo kwa kidole sizipendi kwa hatua hii, kwa sababu kioo cha simu ndicho kinachofanya kazi. Kwamba mazoezi yanalipa si maneno ya kufariji: mwaka 2007 watafiti wa Toronto waliwachezesha watu gemu la mapigano kwa saa 10 tu, na wanawake walipanda kuliko wanaume.

Saa ya kupima muda iingie mwishoni, akishakuwa hakosei. Na siku ya jaribio lenye majibu mawili sahihi, akishayapata mawili ya uhakika aende swali linalofuata, yale mengine asiyaguse.