Kabla hujakopa kununua joko la umeme: vyungu vyako vinapasuliwa na maji

Mkuu, umesema umefinyanga vyungu kumi, ukavianika kivulini siku nne, ukavichoma shimoni kwa kuni, na vimetoka vizima vitatu tu. Sasa unataka kukopa ununue joko la umeme, yaani tanuri la kuchomea vyungu. Naomba usikope kwanza. Mimi nafinyanga kwa mapenzi tu, kazi inayonilisha ni nyingine, na huu ni mwaka wa tisa hapa Tanga. Nimechoma shimoni, kwenye pipa la maranda na kwenye joko la umeme la kuazima, na kote huko nimepoteza vyungu. Karibu mara zote aliyevivunja ni maji.

Chungu kinachoonekana kikavu bado kina maji ndani ya udongo. Moto ukipanda ghafla, maji yale yanakuwa mvuke kabla hayajapata pa kutokea, na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji. Ndiyo ile "paa!" uliyoisikia, kisha ukakuta vipande bapa kama magamba vimelala kwenye majivu. Vitazame: vingi vitakuwa vimebanduka kwenye kitako, kwa sababu hapo ndipo udongo ulipo mnene. Kama chungu kina ufa mmoja mrefu kuanzia mdomoni, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi ni upepo, au umekifukua kingali cha moto.

Mama mmoja wa Upare aliyenifundisha alikuwa hahesabu siku za kuanika. Anakibandika chungu shavuni. Akisikia ubaridi, anakirudisha kivulini, maana maji bado yanatoka. Kisiposikika baridi tena, kiko tayari. Siku nne huenda zikatosha Dodoma wakati wa kiangazi. Hapa pwani wakati wa masika nimesubiri wiki tatu. Na hata kikishapita shavuni, hakiendi moja kwa moja shimoni. Anavipanga vyungu kuzunguka moto mdogo, midomo ikiuelekea, na kuvigeuza kidogo kidogo kama mahindi ya kuchoma, saa mbili nzima, mpaka ukikigusa unaondoa mkono. Saa mbili hizo ndizo watu wengi wanaziruka, na ndizo zinazookoa vyungu.

Udongo wake alikuwa anauchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa. Mimi naweka kikombe kimoja cha vigae kwa vikombe vinne vya udongo. Chembe zile zimeshaungua, hazisinyai tena, na zinauachia mvuke njia. Moto wa shimo una haraka sana, nusu saa tu unaweza kuwa umepita nyuzi 600, kwa hiyo udongo mtupu uliolainika kama siagi usiupeleke huko. Mimi hutandika makumbi ya nazi chini, vyungu kifudifudi, kuni pembeni na juu, kisha nafunika kwa magae makubwa ili upepo usipige upande mmoja. Kufukua ni kesho yake asubuhi.

Pipa la maranda lilinifundisha kinyume chake. Nilitaka vyungu vyeusi vinavyong'aa, nikavisugua kwa jiwe laini la mtoni, nikavipanga kwenye pipa lililotobolewa matundu, nikashindilia maranda katikati yao na kuwasha juu. Maranda hayatoi miali, yanafukuta polepole kushuka chini usiku kucha. Asubuhi hakuna kilichopasuka hata kimoja, vyote vyeusi kama kunguru. Nilifurahi mno. Nikajaza maji kimoja niweke maua, na kesho yake kitako kilikuwa kimelainika, kidole kinazama. Kilikuwa kimerudi kuwa tope! Moto wa maranda ni mpole, na udongo ambao haujafika walau nyuzi 600 au karibu na hapo bado ni udongo tu, maji yakiukuta unayeyuka. Weusi ule ulikuwa moshi. Tangu hapo nachoma mara mbili: kwanza moto wa kweli mpaka chungu kiwe chekundu, halafu ndiyo maranda. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyombo vyake viko hata British Museum, naye hupata weusi wake kwa mwendo wa namna hiyo: moto wenye hewa ukitoa wekundu, kisha moto ulionyimwa hewa ukiugeuza kuwa mweusi.

Sasa hilo joko la umeme. Ni zuri, sikatai. Unalipandisha utakavyo, na mwanzoni unaacha kitundu cha juu wazi na kushika kioo juu yake. Kioo kikipata ukungu, maji bado yanatoka, usiongeze moto. Lakini mara yangu ya kwanza nilichoma udongo uleule ninaouchimba karibu na pwani, nikaufikisha nyuzi 1,000. Vyungu vilitoka vizuri, nikagawia ndugu. Baada ya wiki moja wakaanza kunipigia simu: vinabanduka vyenyewe kabatini, na kila kidonda kina nukta nyeupe katikati. Udongo wangu ulikuwa na vipande vidogo vya makombe. Kwenye joto kubwa kombe linakuwa chokaa, kisha linanyonya unyevu wa hewa, linavimba na kurusha ngozi ya chungu. Shimoni udongo huohuo haukuwahi kunifanyia hivyo, kwa sababu joto halikufika huko. Siku hizi nauchekecha kwa chekeche la unga ukiwa uji, ndipo naufinyanga.

Tena kama unataka mitungi ya maji ya kunywa, moto mkali sana utakunyima ubaridi. Mtungi hupoza kwa sababu maji yanapenya kidogo kidogo na kukauka kwa nje. Ukiuziba kwa joto kali, una ndoo tu.

Raku nimeijaribu mara moja, ile ya kutoa chombo kikiwa chekundu kwa koleo na kukifukia kwenye maranda. Inapendeza machoni, lakini vyombo vyake vinavuja na mimi nataka vyungu vya kutumika.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Chukua kigae kimoja kutoka kwenye vile saba, kivunje na utazame katikati ya ukuta. Ukiona mstari mweusi uliozungukwa na wekundu, moto ulifika ila ulikimbia mno. Kingine kilaze kwenye bakuli la maji mpaka asubuhi. Kikilainika, hata vile vitatu vilivyotoka vizima usivitilie maji, vinahitaji kuchomwa upya. Piga picha ya vyote viwili uweke hapa, pamoja na mahali unapochimbia udongo wako.